Udadisi wa wanafunzi wetu unapotelea wapi? Anayehoji bei ya kahawa shambani hunyamaza darasani

#1 Mwalimu wa Ziwa Magharibi

Habari za jioni, wanajamvi.

Ninafundisha Jiografia katika shule ya sekondari ya kata mkoani Kagera, na ninaleta hoja ambayo ningependa ipingwe kwa ushahidi. Hoja yangu ni kwamba mwanafunzi wa kawaida, ambaye hajawahi kuvuka mpaka wala kumiliki kompyuta, anaweza kuwa mtu mwenye upeo wa dunia, mdadisi na mwenye kujieleza vizuri bila kusubiri ada za shule za kimataifa, ila sisi wenyewe tunamzima njiani. Akiwa Darasa la Kwanza huuliza kila kitu. Akifika Kidato cha Pili, mwalimu husema "Kuna swali?" na darasa zima huitikia "Hakuna." Nataka tujadili ni wapi anapozimwa.

Mfano wangu ni kahawa. Huku kwetu robusta huuzwa ikiwa na maganda yake, na kila mtoto anajua kwamba bei ya msimu huu si ya msimu uliopita. Anaijua butura, yaani mkulima kuuza kahawa ingali mtini kwa sababu ya shida ya fedha, na anajua habari za magendo ya kwenda Uganda. Niliweka kitabu pembeni, nikawauliza kwa nini bei ilipanda sana 2024. Wengine walisema ni serikali, wengine chama cha msingi, wengine walanguzi. Tukafuatilia pamoja mpaka tukafika kwenye soko la London, ambako bei ya robusta ya dunia hupatikana, na kisha Vietnam, nchi inayozalisha robusta nyingi kuliko zote, ambako ukame ulikuwa umepunguza mavuno. Wanafunzi waliokuwa kimya tangu Januari wakaanza kuuliza. Mkulima wa Vietnam hubaki na kiasi gani mkononi? Je, na wao wana butura? Kwa nini bei ipatikane mahali ambapo hakuna mti wa kahawa hata mmoja?

Kipindi kile kilinionyesha kwamba udadisi upo. Kisha mwalimu wa taaluma akanikumbusha, kwa nia njema kabisa, kwamba azimio la kazi, yaani mpango wa mada za kufundisha, lilikuwa limebaki nyuma. Naomba maoni yenu.

#2 Mama Kibandani

Asante kwa uzi huu, Mwalimu. Mimi ni mzazi na mfanyabiashara ndogo, na naona unaanza kutafuta mbali. Mtoto huzimwa nyumbani kabla hajafika kwako. Akiuliza jambo mbele ya wageni tunamkata jicho. Akiuliza mara ya pili tunamwambia ana mdomo mrefu. Tunataka mtoto mwenye adabu, na adabu tumeipima kwa ukimya. Halafu tunamlaumu mwalimu kwamba mtoto hajui kujieleza.

Lakini niongeze upande wa pili. Zamani mtoto alitumwa. Alipelekwa kwa shangazi na ujumbe wenye sehemu tatu, akatakiwa asalimie kwanza, aufikishe kama ulivyo, asikilize jibu na alirudishe bila kupunguza neno. Hayo yalikuwa mafunzo ya mawasiliano kuliko kipindi chochote. Leo simu imechukua kazi hiyo na sisi hatukumpa mtoto kazi nyingine badala yake.

#3 Kijana wa Mkonge

Ninaunga mkono #1 kwa asilimia zote, na sisi Tanga tunao mkonge. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta kutoka Mexico mwaka 1893, na mtoto anayeishi kando ya shamba la mkonge anaweza kufundishwa historia ya dunia nzima kwa mmea huo mmoja: ukoloni wa Wajerumani, kazi ya manamba (vibarua wa mkataba), vita, kutaifishwa kwa mashamba na kuanguka kwa soko. Sisi tulisoma mambo ya Ulaya kwa kukariri, na shamba lilikuwa ng'ambo ya uzio wa shule.

#4 Afisa Elimu Mstaafu

Nimrekebishe kidogo ndugu wa #3, kwa sababu vijana husoma hapa. Asili ya mkonge ni Mexico, lakini miche ya Hindorf ilitoka Florida, Marekani, ikapitia Hamburg. Ilikuwa takriban 1,000, na iliyofika hai Tanga ni 62. Ukimpa mwanafunzi namba hizo mbili ataanza kuuliza mwenyewe kwa nini isitoke Mexico moja kwa moja, na ni nini kiliua mingine yote. Kuhusu kuanguka kwa soko, uzalishaji wa Tanganyika ulifikia kilele cha takriban tani 230,000 mwaka 1964, kisha nyuzi za plastiki zikaingia sokoni na bei ikaporomoka, miaka michache kabla ya Azimio la Arusha. Kwa hiyo kutaifisha peke yake hakuelezi kila kitu, ingawa mjadala huo una uzi wake.

Sasa nije kwenye hoja yenyewe. Mwalimu anauliza kama watu wa kawaida wanaweza kufundishwa kuhoji. Sisi tulishafanya hivyo kwa watu wazima. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio. Kipindi kilipokwisha redio ilizimwa, kiongozi wa kikundi akasoma maswali, na watu wakajadili hali ya kijiji chao na kuamua la kufanya: kuchimba vyoo, kusafisha visima, kufyeka vichaka. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Viongozi wengi wa vikundi hawakuwa walimu. Walipewa mafunzo mafupi ya namna ya kuongoza mazungumzo, si ya kuhutubia. Hapo ndipo ninapoona ufa. Chuo cha ualimu humfundisha mwalimu kueleza, na ni mara chache sana humfundisha kunyamaza ili wengine waeleze.

#5 Gredi ya Kericho

Hamjambo nyote. Ninafundisha katika shule ya msingi ya umma huku Kericho, Kenya, na nimesoma uzi huu kwa hamu kubwa kwa sababu sisi tumelijaribu jambo hili kitaifa. Mtaala wa Umilisi, yaani unaolenga kile mwanafunzi anachoweza kufanya, ulianza kote nchini 2019 ukachukua nafasi ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985. Umilisi wa msingi uko saba, na wa kwanza katika orodha ni mawasiliano na ushirikiano. Uraia nao umo, na kujifunza namna ya kujifunza.

Ninawaambia kwa uaminifu yale ninayoyaona. Wanafunzi wa sasa huzungumza zaidi kuliko sisi tulivyozungumza, na husimama mbele ya wageni bila kutetemeka. Hata hivyo, wazazi wengi wamelalamika kwamba kazi za nyumbani ni za mzazi: kuchapisha picha, kununua vifaa, kutengeneza vinyago usiku. Mtoto wa mchuma chai ambaye mama yake hurudi jioni akiwa amechoka hawezi kushindana na mtoto wa mjini mwenye printa nyumbani. Kubadilisha mtaala kulikuwa rahisi kuliko kubadilisha mazingira ambamo mtaala unatekelezwa.

#6 Lugha Kwanza

Nimesubiri nione nani atalitaja jambo kubwa kuliko yote, na hadi #5 hakuna aliyelitaja. Mwanafunzi wa Tanzania hunyamaza Kidato cha Kwanza kwa sababu lugha yake imebadilishwa usiku mmoja. Desemba alikuwa akijifunza sayansi kwa Kiswahili, Januari anatakiwa kuuliza kwa Kiingereza ambacho hana. Anayetafuta maneno hawezi wakati huohuo kutafuta maswali. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika sekondari, na pendekezo halikutekelezwa. Sera ya Elimu ya 2014 ilifungua mlango tena, na toleo lake la 2023 likabakiza Kiingereza sekondari.

Zipo shule ambako mwanafunzi akizungumza Kiswahili uwanjani huvishwa kibao shingoni mpaka amkamate mwenzake. Ninashindwa kuelewa tunatarajia kumlea msemaji kwa njia gani ikiwa tunamwadhibu kwa kusema. Mwalimu wa #1, nikuulize: majadiliano yako ya kahawa yalifanyika kwa lugha gani?

#7 Mwalimu wa Ziwa Magharibi

Kwa Kiswahili, na kwa Kihaya palipohitajika, kisha tukaandika muhtasari kwa Kiingereza ubaoni. Sifichi hilo, na hakuna aliyepotea njia. Ila sitaki tukimbilie kwenye lugha peke yake, kwa maana ninao wanafunzi waliosoma shule za msingi za Kiingereza, nao huitikia "Hakuna" kwa ufasaha.

#8 Mrundi wa Buyenzi

Salamu kutoka Bujumbura. Naongeza neno juu ya #6. Kwetu mtoto hukutana na Kirundi, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili tangu shule ya msingi. Kama wingi wa lugha ungetosha kumfanya mtu awe na upeo wa dunia, Burundi ingekuwa mbele ya wote. Mtoto anaweza kusalimia kwa lugha nne na asiwe na swali hata katika moja, kwa sababu amezipokea zote kama orodha za kukariri. Wanaozungumza vizuri zaidi hapa Buyenzi ni wale wanaouza sokoni baada ya shule, kwani humshawishi Mkongomani kwa Kiswahili na mtu wa mlimani kwa Kirundi, na hujifunza kusoma uso wa mteja. Sisemi watoto wafanye biashara badala ya shule. Nasema wanayo sababu ya kusema, na darasani hawana.

#9 Lugha Kwanza

Ndugu wa #8, umenijibu nusu tu. Huko Burundi mtoto huanza kwa Kirundi anachokijua, na hicho ndicho ninachokidai. Sababu ya kusema bila lugha ya kusemea bado ni ukimya.

#10 Msomi wa Ufadhili

Naomba nizungumze kama mtu aliyeonja pande zote mbili. Nilisoma shule ya kata hadi Kidato cha Nne, kisha nikapata ufadhili wa kumalizia katika shule ya kimataifa inayofuata programu ya IB (International Baccalaureate). Watu hudhani siri yao ni majengo na vyakula. Programu hiyo, iliyoanzishwa Geneva 1968, ina wasifu wa mwanafunzi wenye sifa kumi, zikiwemo udadisi, mawasiliano na uwazi wa fikra, lakini sifa zilizobandikwa ukutani hazimbadilishi mtu. Kilichonibadilisha ni insha ndefu ya maneno yasiyozidi 4,000 juu ya swali nililolichagua mimi mwenyewe. Hakuna aliyekuwa amewahi kuniambia nichague swali. Nilikaa wiki nyingi nikipeleka kwa msimamizi wangu mada badala ya swali, naye akinirudisha kwa upole, akiniuliza ni nini hasa nisichokijua na ambacho ningependa kukijua.

Pili, tulikuwa wachache darasani, na mwalimu aliweza kusoma rasimu ya kila mmoja. Kwa hiyo, ingawa nampenda Mwalimu wa #1 kwa matumaini yake, sioni namna ya kufanya hivyo katika mkondo wenye wanafunzi themanini. Baada ya ada kuondolewa 2016, watoto wengi waliokuwa nje waliingia shuleni, jambo jema sana, lakini walimu na madarasa havikuongezeka kwa kasi hiyo.

#11 Chaki Mkononi

Nakubaliana na aya ya pili ya #10 na kulikataa hitimisho lake. Nina darasa kubwa kuliko hilo, Kanda ya Ziwa. Kila Ijumaa wanafunzi huandika swali moja moja kwenye kipande cha karatasi bila jina na kulitia katika boksi. Mimi huyasoma yote wikendi, huchagua matatu, na Jumatatu madawati matatu matatu huyajadili kwa dakika kumi kabla mimi sijasema lolote. Kuondoa jina kulifungua midomo ya wasichana kuliko kitu chochote nilichowahi kujaribu, kwa sababu wengi waliogopa kuchekwa na wenzao kuliko walivyoniogopa mimi. Hilo halijatajwa hapa bado: mtoto hazimwi na mzazi na mwalimu pekee. Kicheko cha darasa kina nguvu kuliko fimbo.

#12 Karafuu ya Mashamba

Assalaam aleikum, wana uzi. Kahawa na mkonge vimesifiwa. Pemba nayo isimame. Karafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, huko Indonesia, na ilifika kwetu mwanzoni mwa karne ya 19. Kwa miongo mingi mnunuzi wetu mkubwa alikuwa Indonesia hiyohiyo, kwa ajili ya sigara zao za karafuu ziitwazo kretek. Walipopanda mikarafuu yao ikawatosha, katika miaka ya 1980, bei yetu ilianguka na nyumba nyingi za Pemba zilijua njaa. Babu yangu alikuwa akifuatilia habari za Jakarta katika redio kama vile habari za ndugu. Hakwenda shule ya Kizungu, na dunia aliijua kwa sababu dunia ilikuwa mfukoni mwake.

Kwa hiyo mimi nadhani tatizo ni kwamba vitabu vyetu huiweka dunia mwishoni, sura ya tisa, baada ya kijiji, wilaya, mkoa na taifa. Watu wa pwani hawakuishi kwa mpangilio huo. Ibn Battuta alipofika Kilwa 1331 aliwakuta watu waliokuwa wakifanya biashara na Bara Arabu na Bara Hindi.

#13 Kijana wa Mkonge

Mzee wa karafuu umenishinda kwa babu, ila mkonge haujakubali kushindwa. Kesho naleta kamba.

#14 Afisa Elimu Mstaafu

Nimpe nguvu ndugu wa #12 kwa mfano wa bara. Kizazi changu kilikua kikijua majina ya mito ya Msumbiji na Angola, na si kwa sababu ya mtihani. Wapigania uhuru walikuwa miongoni mwetu. FRELIMO ya Msumbiji ilikuwa na shule Bagamoyo, na ANC ya Afrika Kusini ilijenga shule yake Mazimbu, Morogoro, kwenye ardhi iliyotolewa na serikali yetu 1977, ikaitwa kwa jina la Solomon Mahlangu. Palikuwa na walimu wa Kiafrika Kusini na wa kujitolea kutoka nchi nyingi za Ulaya, na watoto wa Morogoro walicheza nao mpira. Leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Kijana wa siku zile aliiona dunia kama jambo linalomdai kitu: damu atoe, sanduku la nguo achangie, wimbo aimbe. Mtoto wa leo ana picha nyingi zaidi za dunia katika simu, na hakuna hata moja inayomdai chochote.

#15 Mama Kibandani

Afisa, hapo mwisho nakupinga kwa heshima. Binti yangu hufuatilia katika simu mafuriko ya nchi ambazo mimi sizijui, na amenisomea habari zake huku machozi yakimtoka. Wanaguswa. Ila wakitaka kutuambia sisi, tunawaambia waweke simu chini.

#16 Msahihishaji

Nimeshiriki usahihishaji wa mitihani kwa miaka kadhaa, na naona mnauzunguka mlango bila kuugusa. Mwongozo wa kusahihishia una hoja zilizokubaliwa. Mwanafunzi akiulizwa sababu za kushuka kwa bei za mazao ya biashara, hupata alama kwa kila hoja iliyomo katika mwongozo. Akieleza habari za Vietnam kwa aya nzima nzuri, msahihishaji mwenye rundo refu mbele yake huitafuta hoja ndani ya aya hiyo, huipa alama moja na kusonga mbele. Mwenzake aliyeorodhesha sababu sita alizozikariri humpita. Mwalimu wa taaluma wa #1 anaijua hesabu hiyo, na mzazi anaijua. Mpaka mtihani ulipe udadisi, boksi la maswali litaendelea kuwa wema wa mwalimu mmoja mmoja.

#17 Gredi ya Kericho

Kwetu mtihani umeguswa, ndugu Msahihishaji. KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilifanywa mara ya mwisho 2023. Sasa alama za kuingia sekondari ya juu hukusanywa: asilimia 20 kutoka tathmini ya Gredi ya 6, asilimia 20 kutoka tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8, na asilimia 60 kutoka tathmini ya Gredi ya 9. Mwalimu amepewa sehemu ya kupima yale anayoyaona darasani. Tatizo jipya ni kuaminiana: wazazi huuliza kama alama za shule moja ni sawa na za nyingine, na vitabu vya marudio vimerejea madukani kwa majina mapya.

#18 Mwalimu wa Ziwa Magharibi

Nimewasoma wote kwa makini, na sioni kama naweza kuchagua sababu moja. Kwa Msahihishaji nina pingamizi: wanafunzi wangu waliofuatilia kahawa waliweza kutoa hoja sita katika mtihani wa moko (wa majaribio) bila kukariri, kwa kuwa kila hoja ilikuwa na mtu na mahali pake. Kwa Msomi wa Ufadhili, insha ya maneno 4,000 siiwezi, lakini swali la kujichagulia lenye ukurasa mmoja naliweza, na nitaliunganisha na boksi la #11.

Mwalimu wa Kericho, nina ombi. Wanafunzi wangu wangependa kuandikiana barua na wako, kwa Kiswahili, kuhusu mazao ya nyumbani kwao.

#19 Gredi ya Kericho

Nimekubali kwa mikono miwili. Wangu ni wadogo kwa umri, ila chai wanaijua tangu mgongoni mwa mama. Leteni swali la kwanza tulijadili wiki hii.

#20 Mwalimu wa Ziwa Magharibi

Tumelipata leo kwa kura: "Chai yenu hupigwa mnada Mombasa, ndani ya nchi yenu, nasi bei ya kahawa yetu hupatikana London. Je, mchuma chai wa Kericho hupata zaidi kwa sababu mnada uko karibu naye?"

#21 Msahihishaji

Nitangulize angalizo kabla barua haijafungwa. Mnada wa Mombasa huendeshwa kwa dola, na mnunuzi mkubwa wa chai ya Kenya ni Pakistan. Pia mchuma chai wa shamba kubwa hulipwa kwa kilo alizochuma, tofauti na mkulima mdogo anayeuza majani yake kiwandani. Waulizeni wanamaanisha yupi.

#22 Gredi ya Kericho

Tafadhali usiwajibie, Msahihishaji. Darasani kwangu wamo watoto wa wote wawili, na jioni hii wameenda kuwauliza.